Namba Tisa Dirishani

Nyumba ya wageni, mlimani
Ijumaa, 6 Machi

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mzima na mtoto ni mzima. Hilo kwanza, maana najua uliposikia nimeondoka mjini bila kuaga ulitukana, kisha ukafunga studio mapema. Nisamehe. Mtu anayekimbia hapiti kazini kuaga.

Niko huku juu, kwenye nyumba ya wageni wanaokuja kupanda mlima. Nafua mashuka. Asubuhi mashuka, mchana mashuka, jioni mashuka yaleyale yamenyeshewa. Bonge kaota jino la tatu na ananyonya kwa kuuma. Sikumbuki mara ya mwisho niliamka bila kuamshwa. Simu huku haishiki, na hata ingeshika sina. Ile niliyokuwa nayo Baba Bonge aliipasua kwa nyundo, na siku hiyohiyo akanipiga kiganja sikio la kushoto. Mpaka leo kuna nyuki humo ndani.

Kitu kimoja hakukipata. Ile kamera kongwe uliyonipa nilipotimiza mwaka wa tatu kwako niliificha kwenye ndoo ya nepi chafu, mahali ambapo mkono wake haujawahi kufika.

Mlima huu una hasira, Fundi. Unaamka umenuna. Saa mbili unaonyesha meno, saa tatu wingu linaukaba koo, saa nne hakuna mlima. Nimeupiga filamu nzima. Dereva wa basi anapanda Jumatano na kushuka Jumamosi, hana mdomo, ndiye atakayekuletea. Safisha, halafu niambie ukweli kama ulivyokuwa ukiniambia nilipokata picha za pasipoti zikaenda upande. Nataka siku moja nimlee huyu mtoto kwa kazi hii, mashuka wafue wengine.

Ila usimwambie mtu yeyote niko wapi. Hata dada yangu hajui. Anayenitafuta hachoki.

Mwanafunzi wako,
Mama Bonge


Studio
Jumanne, 10 Machi

Binti,

Marahaba. Nilitukana, ndiyo. Studio sikufunga, usijipe ukubwa.

Filamu nimesafisha. Picha thelathini na sita. Ishirini nimezichana kabla hazijakauka.

Unapiga mlima kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kila picha umesimama mbali, mgongo umeegemea ukuta. Usinibishie, naona kwa jinsi kamera ilivyokaa. Unaogopa nini? Mlima hauna mikono. Sogea.

Halafu huo ukungu. Umeniletea picha kumi na mbili za maziwa yaliyomwagika. Mlima usio na kitu cha kupimia hauna ukubwa, unaweza kuwa mlima na unaweza kuwa kichuguu. Weka kitu mbele, paa, nguzo, tangi, chochote ambacho jicho linajua kimo chake. Hapo ndipo mlima utamtisha mtu. Na ukipima mwanga, pima kwenye wingu, acha kupima kwenye majani. Anga lako lote limeungua.

Usilie. Ukilia, futa lenzi baadaye.

Nimekuwekea filamu mbili. Siri yako ninayo.

Fundi


Mlimani
Ijumaa, 20 Machi

Shikamoo Fundi,

Sikulia. Lililonipata ni baya zaidi. Nilipofika kwenye “Unaogopa nini?” nilikuwa nimesimama kwenye karo la kufulia, na mwili ukajikunja wenyewe. Bega likapanda hadi sikioni, linasubiri kofi. Kofi halikuja. Nilikuwa nimeshika karatasi tu.

Nikakaa juu ya ndoo nikaisoma tena. Halafu nikakutukana kwa sauti, hadi Mpishi wa hapa akatoka na mwiko mkononi kuuliza ni nani kaingia.

“Fundi wangu,” nikamwambia. “Kanichania picha ishirini.”

“Kakuchania picha, hajakuchania nguo. Njoo ule.”

Siku tatu sikugusa kamera. Ya nne, nikiwa nakamua shuka, nikajiuliza huyu mzee anapata nini kwa kunisema hivi. Yule mwingine aliponisema, mwisho wa maneno kulikuwa na mkono. Wewe mwisho wa maneno umeweka filamu mbili. Nikaanza upya.

Basi nimesogea. Nyuma ya jengo, mwendo wa dakika kumi kupanda, kuna tangi jekundu la maji juu ya stendi ya chuma. Miguu minne, mmoja umepinda na una kiraka kama kovu. Nilikwenda saa tatu, mashuka yakiwa kambani na Bonge mgongoni, nikaweka tangi mbele. Nikapima wingu kama ulivyosema. Fundi, mlima uliinuka! Ulikuja juu ya lile tangi kama mtu anayeinuka kitini kwa hasira, mweusi, na nyuma yake wingu limepasuka mahali pamoja tu, jeupe, kama kichwa kilichopigwa. Nikabonyeza. Nadhani ni ya nane au ya tisa.

Ukiichana hiyo, nitashuka nikuchane na wewe.

Mama Bonge


Studio
Jumanne, 24 Machi

Binti,

Tangi ni wazo zuri. Lilikuwa langu.

Namba tisa si mbaya. Weusi wa chini umekaa, na lile tundu jeupe la wingu hukuliharibu. Ule mguu uliopinda nao unafaa, unafanya chuma kionekane kama kimechoka kubeba. Nyingine zina haraka, mpiga picha anataka kurudi nyumbani.

Namba tisa nimeikuza, nimebaki nayo hapa. Nina kazi nayo. Usivimbe kichwa.

Fundi


Mlimani
Ijumaa, 3 Aprili

Shikamoo Fundi,

Kazi gani na namba tisa? Unafungia samaki?

“Si mbaya” yako nimeikata na kuibandika juu ya karo. Mpishi kaisoma, kasema kama hizo ndizo sifa zako basi mkeo ana moyo wa jiwe. Nimemwambia hana mke, alikimbia. Akasema, “Ahaa.”

Nakutumia filamu nyingine. Wiki hii mlima umekuwa mkali kuliko siku zote. Juzi mawe yaliporomoka upande wa pili kwa mshindo, hata nyuki wa sikioni wakanyamaza. Bonge akacheka. Sijui kicheko hicho karithi wapi. Sitaki kujua.

Kuna jambo nilikudanganya. Uliniuliza kwa nini vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki, nikakwambia mlango. Ni mlango kweli, ila kulikuwa na mtu anaufunga. Alinishikia mkono pale kwenye bawaba akasema nichague, kamera au vidole. Nilichelewa kujibu.

Na siku ya sikio nilikwenda polisi, damu inachuruzika hadi kwenye kola. Askari akauliza, “Ushahidi uko wapi?” Nikageuza kichwa, akaona. Akasema, “Hiyo ni damu, mama. Mimi nakuuliza ushahidi.” Nikarudi nyumbani nikapika.

Nakwambia haya kwa sababu uliuliza naogopa nini, na mimi sipendi kuacha swali la mwalimu bila jibu.

Mama Bonge


Studio
Jumanne, 14 Aprili

Binti,

Barua yako nilichelewa kuijibu. Nilikuwa natafuta la kusema juu ya vidole, sikulipata. Basi nizungumzie ninachokijua.

Filamu hii ni chafu. Kuna doa jeusi kwenye picha sita za mwisho, dogo kama kichwa cha kiberiti, chini kushoto, pale miti inapoanzia. Ni vumbi ndani ya kamera. Mara ngapi nilikufundisha kuifuta kwa brashi kabla ya kupakia filamu? Mlima mzuri, wingu zuri, halafu uchafu. Fungua, futa, anza tena.

Na usidhani unasemwa peke yako. Mwezi uliopita kuna jamaa mmoja aliisimamia namba tisa muda mrefu sana. Nikajua mlima umemkamata. Kumbe anatazama tangi! “Mguu ule,” ananiambia, “aliyeuchomelea alikuwa na haraka.” Nikamjibu, ndugu yangu, umeonyeshwa mlima mzima wewe unatazama kiraka? Akacheka sana, akanipa mkono. Alikuwa na mkono mgumu kama koleo. Umeona? Kila mtu ni mkosoaji siku hizi.

Fundi


Mlimani
Ijumaa, 17 Aprili

Fundi,

Naandika haraka, nijibu kwa basi la Jumatano. Huyo jamaa alikuwa na miwani ya kuchomelea imening’inia shingoni? Alicheka kwa pua? Na aliionaje picha yangu iliyokuwa ndani kwako?

Baba Bonge anachomelea stendi za matangi. Akichoka anachomelea ovyo, halafu anafunika kwa kiraka. Hata kitanda chetu kilikuwa na kiraka. Nimemuuliza Mlinzi wa getini hili tangi lilitoka wapi, akasema lilitengenezwa gereji moja huko mjini, likapakiwa lori, mwaka mmoja kabla sijafika. Baba Bonge hakuwahi kuja huku. Lakini mtu hasahau kazi yake mbaya, na anayepakia lori anajua linakokwenda.

Kamera nimeifungua mara tatu, nimeipiga brashi, nimeipuliza. Ni safi, Fundi. Ilikuwa safi tangu mwanzo. Na filamu hii ninayokutumia niliimaliza kabla barua yako haijafika, kwa hiyo itazame vizuri.

Utasema mbona sipandi hilo basi la kesho. Njia ya kushuka ni moja, na kama yupo, yuko kwenye hiyo njia. Hapa kuna geti, kuna mbwa, kuna Mpishi ambaye anavunja kuku shingo kwa vidole viwili. Na nimechoka. Nimeshakimbia mara mbili nikiwa na mtoto mgongoni, na kila nilikofika nilianza kwa kutafuta mlango wa nyuma.

Kuanzia leo kamera iko shingoni, hata nikifua. Safari hii nikiulizwa ushahidi, nitautoa.

Mama Bonge


Studio
Jumanne, 21 Aprili

Binti yangu,

Ondoka. Mpe huyu dereva mtoto, panda nyuma yake, shuka naye leo hii, usisubiri Jumamosi. Nimemlazimisha akubali.

Alikuwa na miwani shingoni. Alicheka kwa pua.

Filamu zote mbili nimeziweka chini ya kioo cha kukuzia. Vumbi la ndani ya kamera hukaa mahali pamoja picha zote. Hili linahama. Filamu ya kwanza liko kwenye miti. Ya pili, picha ya nne, limefika njiani. Picha ya ishirini liko kwenye uzio. Picha ya mwisho kabisa liko nyuma ya stendi ya tangi, na nimelikuza hadi likawa na mabega, na shingoni vioo viwili vya duara. Wewe ulikuwa unapiga mlima. Yeye alikuwa anakupigia hatua.

Mengine nitakueleza ukifika. Ondoka.

Fundi


Mlimani
Ijumaa, 8 Mei

Fundi,

Barua yako ya kuniambia niondoke ilifika Jumatano. Yeye alifika Jumatatu.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Bonge ni mzima. Ana mchubuko pajani, basi. Nakwambia mapema ili uweze kusoma yaliyobaki.

Jumatatu asubuhi maji yalikatika kwenye karo. Mlinzi alikuwa getini na wageni, nikapanda mwenyewe kufungua koki ya tangi, Bonge mgongoni, kamera shingoni. Nilijidanganya kuwa ni dakika kumi tu na mchana kweupe. Hakukuwa na mchana. Wingu lilikuwa limeshuka hadi chini, tangi niliona miguu tu. Koki ilikuwa imekazwa kwa spana. Nikiwa bado nainama, nikasikia harufu ya chuma kilichoungua, ile aliyokuwa anaingia nayo nyumbani kila jioni.

Akatoka nyuma ya stendi, spana mkononi. Akaongea taratibu, kama mgeni.

“Picha nzuri, mama. Ila kosa la fundi wa chuma ulitakiwa ulifiche.” Halafu akasema, “Nimekuja kumchukua mtoto. Wewe baki na mlima wako.”

Hatua saba kati yetu. Nikainua kamera nikabonyeza. Akasimama, hakuamini. Akaja. Hatua nne, wingu likafunguka nyuma yake na mlima ukatokea wote kwa pamoja, nikabonyeza. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba hata akiniua, Fundi ataisafisha hii filamu. Miguu ilitaka kurudi nyuma, nikasikia sauti yako ya kuudhi ikisema sogea. Nikasogea. Ya tatu nilibonyeza spana ikiwa hewani.

Ilinipata mkono wa kulia. Mfupa ulilia kama kuni mbichi. Akashika mkanda wa kamera akauzungusha shingoni mwangu, akanikokota hadi kwenye stendi, akanigonga uso kwenye ule mguu wenye kiraka, mara mbili, na kila akigonga ananiita kwa jina langu la usichana. Bonge alikuwa anapiga kelele mgongoni. Mkono mmoja akaubakiza kwenye mkanda, wa pili akautumia kufungua fundo la mbeleko. Fundo langu halifunguki kwa mkono mmoja. Ikabidi ainame.

Uso wake ukaja karibu. Hiyo kamera ni chuma, wewe mwenyewe ulikuwa unalalamika uzito. Niliishika kwa kushoto nikampiga nayo mdomoni. Akalegeza. Nikampiga tena. Ya tatu nilisikia taya likiachia. Ya nne haikuhitajika, Fundi, na nilimpiga. Sikuandikii ili uniambie nilifanya vyema. Nakuandikia ili pawe na mtu mmoja anayejua hesabu kamili.

Mpishi na Mlinzi walifuata kelele za mtoto. Walimfunga kwa kamba ya kuanikia mashuka. Kumbe alikuwa kapata kibarua kiwanda cha mbao huko bondeni, wiki tatu anapanda kunitazama asubuhi na kushuka kazini mchana. Mlinzi alimpigia saluti mara mbili.

Sasa yuko hospitali, pingu kitandani. Anasema alikuja kwa amani kuona mwanawe, mimi nikamvamia kwa wivu. Mkono wangu je? Eti niliteleza. Kesi ni tarehe ishirini na tisa. Mlango wa kamera umepata ufa. Askari alitaka kuifungua aone hizo picha, nikamwambia ukifungua mwanga unaingia, na mimi narudi kuwa yule mama mwenye damu isiyo na ushahidi. Mpishi akamnyang’anya, akaifunga kwa nguo tatu nyeusi, akaitia kwenye sufuria akafunika. Dereva anakuletea hilo sufuria hivyohivyo. Lifungulie kwenye chumba cha giza.

Na ukimaliza, jibu swali langu. Namba tisa ilikuwa wapi?

Mama Bonge


Studio
Jumanne, 12 Mei

Binti yangu,

Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Jumapili ndiyo mara ya kwanza nimekagua mlango wa chumba cha giza mara tatu kabla ya kuanza.

Mwanga uliingia. Picha ya hatua saba imeliwa, nyeupe tupu. Ile ya spana hewani imeliwa. Kati yao imebaki moja. Ufa umeichoma pembeni tu, mstari mwembamba kulia. Sura yake iko kali, kila unywele wa ndevu unahesabika. Spana ipo mkononi. Tangi lipo, kwa hiyo hakuna atakayesema ni mahali pengine. Na nyuma yake mlima umesimama mzima. Nimepeleka nakala tatu kituo kikubwa, nikamkabidhi mkuu mwenyewe. Negativu iko kwangu, nalala nayo.

Sasa swali lako. Namba tisa ilikuwa dirishani.

Niliikuza, nikaitia fremu, nikaitundika mbele, mahali palipokuwa na picha yangu mwenyewe kwa miaka tisa. Chini yake niliweka kadi: Kazi ya mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Jina sikuweka. Mahali sikuweka. Nilijiona mjanja. Mume wako sikuwahi kumwona uso, uliniambia tu kwamba yupo, kwa hiyo aliposimama pale nilimfungulia mlango na kumpa mkono. Na lile tangi ni mimi niliyekwambia uliweke.

Kwako niliandika “si mbaya” kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, kwamba sifa zinalegeza mkono. Nilikuwa naogopa ukijua ulivyo mzuri utaacha kunitumia picha.

Nimeivunja ile fremu. Sitakukosoa tena, binti yangu. Mimi ni nani wa kukukosoa? Kila ulichopiga ni kizuri, hata zile ishirini nilizochana zilikuwa nzuri. Utakachopiga kesho ni kizuri. Sema unataka nini nikufanyie.

Fundi


Mlimani
Ijumaa, 5 Juni

Shikamoo Fundi,

Barua mbili zilizopita sikukuamkia. Ya kwanza ni haraka. Ya pili nilikusudia.

Kesi imekwisha. Alikana kila kitu, kwa upole, na bandeji kwenye taya, hata karani akaanza kumwonea huruma. Akasema hakuwa na spana. Ndipo hakimu akaiomba picha. Ni mwanamke mtu mzima, akaisogeza dirishani, akavaa miwani. Akauliza, “Nani alipiga hii?” Nikasema mimi. Akauliza, “Ulisimama?” Nikasema nilisogea. Amefungwa. Miaka aliyopewa ni michache kuliko niliyoitaka, lakini akitoka Bonge atakuwa anasoma na kuandika, na mimi nitakuwa nimeshahama mara moja, kwa mchana, mizigo ikiwa imefungwa vizuri.

Sasa wewe na mimi.

Neno ulilolibandika dirishani, mtaa mzima ulilisoma kabla yangu. Mtu aliyetaka kuniua alilisoma kabla yangu. Mimi mwenye kazi, niliyekuwa nalala na “si mbaya” juu ya karo, sikulisoma. Nilikuomba siri, ukaiweka fremu. Sitasema si kitu. Ni kitu. Meno mawili ya mbele sina, na Bonge akisikia chuma kikigongana anajificha chini ya meza. Hilo utalibeba, na mimi sitakusaidia kulibeba, nina mtoto wa kubeba.

Lakini barua yako ya mwisho ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Eti kila nilichopiga ni kizuri. Baba Bonge alikuwa akishanipiga, ananisifu. Mke wangu mzuri. Hakuna kama wewe. Kila unachopika kitamu. Alisema hivyo miaka minne, huku ananiwekea barafu kwenye jicho alilolivimbisha. Sifa za mtu mwenye hatia nazijua hadi ladha yake, sizitaki kutoka kwako. Wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia nimekosea na mkono wake ukabaki kwenye kalamu. Usiniondolee hilo. Ni kitu kidogo nilichonacho.

Kwa hiyo ninataka mambo mawili. Ile kadi ya dirishani, kama hukuivunja pamoja na fremu, nitumie. Ni yangu.

La pili, nimeweka filamu ya picha moja. Mlinzi kanipa kamera ya mgeni aliyeisahau. Nimepiga kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado uko kwenye plasta. Mlima ulikuwa umenuna vizuri. Picha ina kosa. Najua liko wapi. Nataka kuona kama wewe bado unaliona.

Mama Bonge


Studio
Jumanne, 9 Juni

Binti,

Marahaba.

Kadi iko ndani ya bahasha. Ilikunjika, nimeinyoosha kwa pasi.

Mlima wako umelala kulia, upana wa kidole kimoja. Na umerudi kusimama mbali.

Rudia.

Fundi